Sura ya Tisa: Papai Ndani ya Mkoba

Bi Shekuwe hakumtazama Nyevu usoni. Alimtazama miguu, akapandisha macho kwenye buibui, kisha akauona mkoba, na hapo macho yakakaa kana kwamba yamepewa kiti.

"Mkoba mkubwa," alisema. "Umekuja kututembelea au umehamia?"

Hiyo ilikuwa ya nne. Nyevu alizihifadhi kauli za shangazi huyu moja moja, pamoja na siku na mahali zilipotamkwa, maana yeye hakuwa mtu wa kusahau. Ya kwanza ilitoka katika duka la ukoo la mafuta ya kunukia, mwezi wa Rajabu: "Hawa wa Mariakani siku hizi wanasoma mpaka karatasi za chupa?" Ya pili ilikuwa arusini: "Huyu kaja na nani?" Ya tatu aliisikia kwa simu ya Abdulhalim, kijana aliyetaka kumuoa, kwa sababu Bi Shekuwe hajajua hata leo kusema polepole: "Mtoto wa nyika haolewi Mji wa Kale. Huajiriwa." Hiyo ya tatu Nyevu alilala nayo na kuamka nayo miezi miwili. Huajiriwa! Na nazi zinazokunwa katika nyumba zote hizi za milango ya nakshi zinaanguliwa na nani? Zinajiangua?

"Nimekuja kutembea tu, Shangazi. Masalkheri."

"Masalkheri," alijibu Bi Jannat, mama yake Abdulhalim, akimtangulia ndani. Sauti yake haikuwa ya moto wala ya baridi. "Vua viatu, mwanangu, upite."

Nyevu akavua ndara zake za plastiki, akaziweka kando ya makubadhi ya Bi Shekuwe yaliyotariziwa uzi wa dhahabu. Akaketi ukingoni mwa kochi, mkoba juu ya mapaja. Kisha, taratibu sana, akaanza kuutikisa.

Alikuwa na sababu. Siku hiyo alikuwa anatazamwa. Wiki tatu zilizopita Abdulhalim alimwambia mama yake kwamba ni Nyevu au hakuna, na mama akajibu: "Mlete Jumamosi alasiri nimuone kwa macho yangu. Nikimtaka, Ijumaa mjomba wako ataenda kwao kuposa. Nisipomtaka, utamuoa binti ya shangazi yako na hatutalizungumza tena." Ndiyo maana Bi Shekuwe alikuwapo mapema kuliko wenye nyumba.

Na siku hiyo hiyo, saa sita mchana, umeme ukakatika Kizingo. Nyevu alifanya kazi huko, katika maabara ndogo iliyopangishwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba moja kubwa, yeye na mwenzake Oloo. Mashine ya kupasha na kutikisa ikanyamaza ikiwa na chupa ambayo Nyevu alikuwa ameihangaikia mwezi mzima. Oloo hakuweza kukaa nayo. Mama yake alikuwa anashuka basi Mwembe Tayari akiwa na kuku watatu na ndizi mkungu mzima. Basi Nyevu akaitia chupa ndani ya themosi ya maji vuguvugu, themosi akaitia mkobani, akapanda tuktuk akaenda kutazamwa.

Chupa ilitaka joto. Ilitaka pia kutikiswa kila baada ya dakika tano.

"Una baridi?" aliuliza Bi Shekuwe.

"La, Shangazi."

"Mbona watetemeka?"

"Mkoba tu, Shangazi."

"Mkoba ndio una baridi?"

Abdulhalim, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa sebule na kanzu iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali, akauma mdomo asicheke. Macho yao yakakutana. Yalikuwa macho yale yale ya siku ya kwanza, alipoingia maabara na kichupa mkononi akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Dada, kwa nini mafuta ya marehemu baba hayanukii tena kama zamani?" Nyevu alisahau jibu siku ile. Alijikuta anaangalia kope. Na sasa, mbele ya shangazi na picha zote za ukoo ukutani, kope zile zile zikamsahaulisha tena kutikisa.

Simu ikalia mkobani. Akaichungulia: *Umetikisa?*

"Nani huyo?" Bi Shekuwe hakuona haya kuuliza.

"Oloo. Wa kazini."

"Oloo," akarudia Bi Shekuwe, kama aliyekuta unywele kwenye pilau. "Jannat, umesikia? Oloo."

 Bi Jannat alikuwa ameondoka, na aliporudi alikuwa amekibeba chetezo, makaa mekundu, udi umeanza kutoa moshi. Abdulhalim alipokiona, uso wake ukang'aa hata Nyevu akaelewa bila kuambiwa. Katika nyumba ile mgeni wa kawaida alifukizwa na msichana wa kazi. Bi Jannat alikibeba mwenyewe kwa mtu anayemkaribisha akae. Alikuja moja kwa moja, akainama, akaushika upindo wa buibui ili akisukume chetezo chini yake, na kaa moja likapasuka, pa! likatoa cheche.

Nyevu akaruka hadi nyuma ya kochi, amekumbatia mkoba.

"Usinifukize!"

Bi Jannat akainuka, chetezo mkononi. 

"Nimesikia vibaya," alisema Bi Jannat polepole.

"Hukusikia vibaya," alisema Bi Shekuwe, na furaha ikamwagika sautini mwake. "Ameukataa udi. Amekukataa wewe na chetezo cha mama mkwe wako. Miaka sitini na moja sijaona. Hata mazuzu hawakatai udi!"

"Mama, si kwamba nimekataa," Nyevu akasema, na sauti ilimtetemeka kuliko mkoba. "Nina dawa humu inayoshika moto kama petroli. Kizibo kimevuja, buibui limelowa. Ukinitilia makaa chini, mimi na wewe na hili kochi tutaondoka pamoja."

Bi Jannat alirudi hatua mbili. Lakini uso wake ulikuwa umefunga. "Umekuja kutazamwa," alisema, "na petroli."

"Mama," alisema Abdulhalim, "msikilize kwanza. Nyevu, waeleze."

"Nianzie wapi?"

"Popote. Lakini upesi, mama hana subira."

"Mimi nina subira," alisema Bi Jannat, "ila si leo."

Nyevu akauweka mkoba dirishani mbali na makaa, akakimbia mlangoni, akarudi na makubadhi ya Bi Shekuwe, moja kila mkono.

"Viatu vyangu! Sebuleni!"

"Samahani, Shangazi. Mama, tazama. Ngozi moja, uzi mmoja, fundi mmoja. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Lakini cha kushoto hakiingii mguu wa kulia."

"Hata ukikigeuza," alisema Bi Jannat, kwa vile ni kweli.

"Hata ukikigeuza. Kimoja ni kama taswira ya mwenzake kwenye kioo. Sasa yako mafuta yanayotengenezwa na chembe za namna hiyo hiyo, za kulia na za kushoto. Mentholi ni mojawapo. Ni alkoholi ya..."

"Alkoholi!" Bi Shekuwe akapiga makofi. "Kasema mwenyewe! Sikumtia maneno mdomoni!"

"Si ya kunywa, Shangazi. Ni ile inayoifanya peremende iwe baridi. Imo kwenye dawa ya kifua uliyojipaka leo, nimeinusa tangu mlangoni."

Bi Shekuwe akavuta mtandio juu ya kifua.

"Ya majani ya mnanaa ni ya upande mmoja tu," Nyevu akaendelea, maneno yakikimbizana. "Ile ndiyo baridi, ndiyo tamu puani. Ya kiwandani ya bei rahisi huja imechanganywa, nusu kwa nusu, na nusu ya pili haina baridi ile, harufu yake imefifia kama nguo iliyofungiwa sandukuni. Duka lenu lilianza kununua ya kiwandani miaka miwili iliyopita. Kuzitenganisha ni kazi ngumu, Mama. Zinachemka pamoja, zina uzito mmoja. Ukitumia moto zitakwenda pamoja, ukitumia ungo zitapita pamoja."

"Basi watenganishaje?"

Lilikuwa swali la kwanza la Bi Jannat bila ukali. Abdulhalim akalisikia pia. Akakaa kwenye kiti bila kukiangalia, kidogo aketi juu ya sinia.

"Natafuta mguu," alisema Nyevu. "Kipo kitu katika viumbe kinaitwa enzaimu, kina umbo kama mguu wa kulia. Kiatu cha kulia kinauingia mara moja. Ukishakivaa, unakifunga kamba, yaani unakitia mkia ambao chembe ya kushoto haina. Sasa hazilingani tena, na mimi naweza kuzitenga. Mwisho naufungua ule mkia, nabaki na ya kulia tupu."

"Na hiyo zaimu," alisema Bi Shekuwe, akijivuta mbele kama mtu aliyeitunza karata yake tangu asubuhi, "hutoka wapi? Mwambie Jannat. Mimi nimeulizia kwa watu waliosoma. Hutoka kwenye kongosho la nguruwe!"

Abdulhalim alifumba macho.

Nyevu angeweza kukana. Lakini alikuwa amechoka na watu wanaoonewa kisha wakajibu kwa kuombaomba. "Kweli," alisema. "Ziko maabara zinazotumia la nguruwe. Ni rahisi na linauzwa limekaushwa tayari. Mimi nilikataa, kwa sababu mafuta haya ni ya nyumba hii, na mimi pia ni Mwislamu, Shangazi, ingawa huwa unasahau. Nilikwenda Liwatoni nikaomba matumbo ya samaki, nikarudi nikinuka mpaka Oloo akanifungia nje. Hayakufaa. Sasa natumia papai."

Bi Jannat akakiweka chetezo chini. "Papai gani?"

"Bichi, Mama. Nalichanja ngozi, utomvu mweupe unatoka, naukausha uwe unga."

"Hili hili la kulainishia mishikaki?"

"Hilo hilo."

"Hebu ngoja." Bi Jannat alikuja karibu, na kwa mara ya kwanza alimtazama Nyevu usoni sawasawa, kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa anapika chakula cha kwenu. "Umelitia saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Kiasi gani?"

"Vijiko viwili."

"Na kwenye uvuguvugu?"

"Ndiyo, Mama."

Bi Jannat akageukia saa ya ukutani. "Saa kumi na robo! Wewe mtoto! Nyama ingekuwa uji!"

Nyevu naye akaitazama saa. Saa tisa u nusu. Chupa ile ilipaswa kusimamishwa saa tisa u nusu! Alikuwa amekaa hapa anahesabu masimango ya shangazi na kope za Abdulhalim, na papai halikuwa na habari ya posa. Lilikuwa linafanya kazi.

"Likimaliza viatu vya kulia," alisema kwa sauti ndogo, "linaanza..."

"...kujilazimisha vya kushoto," alimalizia Bi Jannat. "Najua. Mguu wenye njaa ya kiatu hauchagui. Wewe hilo papai walitoaje?"

"Kwa kuchuja tu. Unga wa papai hauyeyuki mle."

"Basi wakaa hapa wafanya n'ni? Ndoo huku! Lete hiyo chupa! Abdulhalim, tangulia juu ukazime jiko, na madirisha yote wazi!"

"Mama, mahamri yako motoni."

"Yataopolewa mabichi! Hukusikia petroli?"

Nyevu akayatupa makubadhi mlangoni kando ya ndara zake, wakapanda ngazi zile nyembamba watatu kwa mstari. Jiko la nyumba ile lilikuwa ghorofa ya juu kabisa, upepo ukipita kutoka dirisha hadi dirisha. Abdulhalim alizima gesi, akamwagia maji makaa, akasimama na sinia la mahamri yaliyoiva upande mmoja. Nyevu alitaka kushika kitambaa cha melimeli cha kuchujia mwenyewe, lakini mikono yake ilikuwa imechoka kwa kutikisa na kwa hofu.

"Weka chini mikono," Bi Jannat akasema. "Wewe mimina."

Akakitandaza kitambaa juu ya bakuli la kioo, akakishika pembe mbili. Mikono iliyochuja tui miaka thelathini haikutikisika hata kidogo. Nyevu akamimina. Unga wa papai ukabaki juu ya nguo, mweupe, umeloa. Chini kikatiririka kimiminika safi kama maji ya mvua.

"Nikamue?" aliuliza Nyevu.

"Usikamue! Ukikamua wateremsha uchafu. Kiache kidondoke chenyewe. Nani alikufundisha kazi, huyo Oloo?"

Vidole vyao vilikuwa vimegusana kwenye ukingo wa bakuli, na hakuna aliyeviondoa.

Bi Shekuwe alifika mlangoni akihema. "Jannat! Kitambaa cha tui! Unachujia dawa za watu kitambaa cha tui!"

"Kitambaa ni changu, Shekuwe."

"Na mwana ni wako pia?"

"Mwana ni wangu pia. Nyamaza kidogo, tunachuja."

Hilo likatosha. Bi Shekuwe alitangaza kwamba amedharauliwa, kwamba binti yake anatakwa na watu watatu na mmoja wao ana nyumba Kizingo, na kwamba hatakanyaga tena hapa mpaka aombwe radhi. Aliteremka akihesabu makosa ya ukoo mzima tangu kabla ya simu za mkononi. Mlango wa chini ukagongwa hata vikombe vikaimba kabatini.

Kimiminika kilipokwisha kudondoka Nyevu alikitia kwenye chupa, akaifunga, akaiweka nje kwenye sakafu ya paa, kivulini. "Kama tumechelewa sana nitajua Jumatatu, umeme ukirudi. Kipo kifaa cha mwanga cha kupimia."

"Na tukiwa tumechelewa?"

"Nitaanza upya, Mama. Nitachanja mapapai mengine."

Bi Jannat akanawa mikono. Nyevu alifikiri ndio mwisho. Akatoa mfukoni kile alichokusudia kukitoa mwanzo kabisa, kabla mambo hayajaharibika: kichupa kidogo kama kidole cha mtoto.

"Hii ni ya mara iliyopita. Ilitoka kidogo sana, lakini ilitoka safi. Nimeitia kwenye mafuta ya duka lenu, kwa kipimo kilichoandikwa na marehemu."

Akadondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono wa Bi Jannat. Bi Jannat akausogeza mkono puani, kama watu wanavyonusa dukani, kwa adabu, bila kutarajia kitu.

Kisha akashika ukingo wa sinki.

Abdulhalim akapiga hatua. "Mama?"

"Nyamaza." Alinusa tena. Alipozungumza hakuwa anazungumza nao. "Miaka miwili nafungua chupa za duka letu wenyewe na simuoni. Nilidhani ni pua yangu. Nilidhani nimezeeka." Akaurudisha mkono puani. "Nilidhani nimeanza kumsahau."

"Hukuwa wewe, Mama," alisema Nyevu. "Ulikuwa unapewa kiatu cha kushoto."

Bi Jannat akacheka, na katika kucheka machozi yakampitia kando ya pua, naye akayafuta kwa mgongo wa mkono ule mwingine, ule usio na mafuta. Halafu akajikohoza akawa Bi Jannat tena.

"Vua buibui hilo."

"Mama?"

"Limelowa petroli. Livue. Abdulhalim, geukia dirishani. Hujaoa bado."

Akaingia chumbani, akarudi na buibui lake mwenyewe, jeusi la hariri lililokunjwa na vikuba vya asumini ndani, akamvalisha Nyevu kwa mikono yake. Lilikuwa refu, likafagia sakafu. Wakateremka sebuleni. Bi Jannat akalipuliza kaa lililobaki na uhai, akaweka kipande cha udi kipya, akainama.

"Mkoba uko wapi?"

"Juu, Mama. Na chupa iko nje."

"Una kingine chochote mwilini kitakachotulipua?"

"Moyo tu," alisema Abdulhalim kutoka mlangoni.

"Wewe sikukuuliza." Akausukuma moshi chini ya upindo. Ulipanda ndani ya hariri, ukatokea shingoni mwa Nyevu, ukamzunguka kichwa. "Simama wima. Hivyo. Ijumaa baada ya sala mjomba wake yuwaja Mariakani. Waambie wenu waweke nyama ya mbuzi, na papai usitie wewe. Nitakuja nitie mwenyewe. Wewe huna saa."

 Nyevu akatikisa kichwa kukubali, naye alikuwa ametikisa vitu vingi mno siku hiyo.

Mlangoni alipoinama avae viatu alikuta ndara yake moja ya plastiki, na kando yake kubadhi moja lenye uzi wa dhahabu. Akakijaribu kimoja, akakijaribu cha pili. Vyote viwili vilikuwa vya kulia.

"Shangazi ameondoka na vya kushoto," alisema.

Abdulhalim aliinama akatazama, na kwa mara ya kwanza alasiri ile walikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi. "Umevitenganisha tena," alisema polepole, "na safari hii hata papai hukutia."

"Nitamrudishiaje?"

"Usimrudishie. Aje aombe."

Nyevu akavaa vyote viwili, plastiki mguu huu na dhahabu mguu ule, akashika njia ya uchochoroni na mkoba begani, chupa imerudi ndani, akichechemea ndani ya buibui la mama mkwe. Kule mbele, karibu na duka la kona, mwanamke mmoja wa heshima alikuwa ameegemea ukuta, anautazama mguu wake kwa hasira na mshangao.

Nyuma, juu, dirisha likafunguliwa.

"Nyevu!" Bi Jannat aliita, kwa sauti ya mtu asiyejali nani anasikia, na mtaa mzima ukasikia, pamoja na yule wa ukutani. "Ukifika kwenu nipigie simu! Nisikae na wasiwasi!"

Nyevu akaihifadhi hiyo pia, siku yake na mahali pake, pamoja na zile nne. Hiyo ndiyo aliyoamua kulala nayo.